Kinamasi cha Sudd na Zamu ya Askari



Mto unaopita ubavuni mwa mji wa Juba huitwa Bahr el Jebel, na kila siku huchukua kwenda kaskazini mafungu ya majani mabichi yanayoelea juu ya maji. Askari wanaokaa Atlabara, wakipita darajani kwenda lindoni, wamekwisha kuyazoea mafungu hayo hata hawayatazami tena. Jina la mtaa wao, kwa Kiarabu cha Juba, maana yake ni "toka nje". Basi na atoke nje kwa fikra yule anayesikiliza, aufuate mto huo kupita Mongalla na Terekeka hadi Bor, na mbele ya Bor, mpaka afike mahali ambapo majani hayo si fungu moja moja tena bali ni nchi nzima. Hapo ndipo panapoitwa Sudd.

Neno lenyewe ni la Kiarabu na maana yake ni kizuizi. Polisi anayesimamia kizuizi barabarani hahitaji kufafanuliwa zaidi. Mto unafika kwenye tambarare isiyo na mteremko wa kutosha kuusukuma, unatawanyika, unajigawa katika vijito na maziwa madogo yasiyohesabika, na unakaa. Takriban nusu ya maji yanayoingia huko hayatoki tena kama mto. Hugeuka mvuke yakapaa angani. Yaliyobaki hukusanyika upya katika Ziwa No, yakaungana na ya Bahr el Ghazal, na kutoka hapo ndipo mto huitwa Naili Nyeupe.

Mwezi wa Juni 2006 Sudd iliandikishwa katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, chini ya Mkataba wa Ramsar, uliopewa jina la mji wa Iran ulikotiwa saini mwaka 1971. Eneo lililoandikishwa ni hekta 5,700,000. Ukizichukua Rwanda na Burundi ukaziweka pamoja, bado hazilifikii. Sudan Kusini ilipopata uhuru mwaka 2011 ilirithi eneo hilo, na mwaka 2013 ikajiunga yenyewe na mkataba. Mwaka 2017 Sudd iliwekwa pia katika orodha ya awali ya mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Ndani yake na pembezoni mwake mna hifadhi za Shambe, Zeraf na Badingilo. Kwa hiyo, kwa karatasi, Sudd inalindwa barabara. Lakini karatasi haishiki zamu, na katika nchi hii anayeshika zamu ni askari.

Askari na kinamasi hiki wanajuana tangu zamani, na ujuano wao haukuwa wa kirafiki. Yapata mwaka 61 baada ya kuzaliwa Kristo, Mfalme Nero wa Roma aliwatuma askari wake kupanda Naili kutafuta chanzo chake. Seneca, mwanachuoni wa zama zile, aliandika habari waliyorudi nayo: walikuta mabwawa makubwa yaliyosongamana majani, hata mtu kwa miguu asiweze kupita wala mashua isiweze, isipokuwa kidau kidogo cha mtu mmoja. Wakageuka. Zikapita karne kumi na nane ndipo Selim Qapudan, ofisa wa majini wa mtawala wa Misri, alipopenya mwaka 1841 hadi Gondokoro, ng'ambo kidogo tu ya mahali palipo Juba ya leo. Mwaka 1870 Samuel Baker alikwama na meli zake akalazimika kurudi nyuma, akafika Gondokoro mwaka uliofuata. Mwishoni mwa 1880 Romolo Gessi, Mwitalia aliyekuwa akiitumikia serikali ya Misri, alinaswa katikati ya majani akiwa na askari na mateka mamia. Meli ya kumwokoa ilipofika mwezi wa Januari 1881, wengi wa watu wake walikuwa wamekufa kwa njaa na homa, huku maji yamewazunguka pande zote. Njia ya meli ilifunguliwa mwaka 1899 na 1900 na Meja Peake, Mwingereza, kwa mikono ya mamia ya wafungwa waliotekwa katika vita vya Mahdi. Waliyakata majani vipande vipande kama watu wakatao keki, kisha mashua za vita zikayakokota vipande hivyo kwa minyororo.

Kumbukumbu hizo zimejenga mazoea ya fikra. Katika ramani ya kijeshi kinamasi hupakwa rangi ya mahali pasipopitika. Ofisa akikitazama huuliza atakizungukaje, na mhandisi huuliza atakikaushaje. Ni mara chache mtu amekitazama akauliza kumeota nini.

Kumeota mengi. Katikati, ambako maji hayakauki mwaka mzima, yanatawala mafunjo, yale ambayo Wamisri wa kale walitengeneza karatasi zao. Hufikia urefu wa mita nne au tano, na kichwani kila shina lina kishungi kama ufagio uliofunguka. Mizizi yake na mashina yake ya chini hufumana yakawa jamvi nene linaloelea, na juu ya jamvi hilo mimea mingine huota, ndege hutaga, na wavuvi hujenga vibanda. Dhoruba ikivuma, kipande cha jamvi hukatika kikaenda na maji, kisiwa kizima na wakazi wake. Kandokando ya mkondo wenye maji yaendayo kasi huota nyasi ngumu ipendwayo na viboko. Penye maji yaliyotulia kuna matete, kuna yungiyungi, na kuna mti mwepesi uitwao ambachi ambao Washiluki hufunga mashina yake wakatengeneza chelezo abebekaye begani. Na chini ya vivuli hivyo, majini, mna mmea mdogo usio na mizizi unaokula wadudu: una vifuko vidogo kama vibofu, na kiumbe kidogo kikigusa mlango wa kifuko, mlango hufunguka kwa ghafla, kikavutwa ndani pamoja na maji. Mtego wa namna hiyo haujapata kutengenezwa na fundi yeyote wa kijeshi.

Lakini mmea unaostahili kutajwa kwa heshima yake ni nyasi moja ambayo wengi wa wanaopita huko wangeikanyaga bila kuijua. Wataalamu huiita Suddia sagittifolia. Jina la kwanza ni la kinamasi chenyewe; la pili lasema kwamba jani lake lina umbo la kichwa cha mshale. Jambo hilo ni la ajabu katika ukoo wa nyasi, maana nyasi kwa kawaida huwa na jani refu jembamba, kama la mpunga au la mtama. Hii haina ndugu wa karibu: katika jenasi yake imo peke yake. Na duniani kote inajulikana kuota Sudan Kusini tu, katika Sudd. Haimo Misri, haimo Uganda, haimo Ethiopia. Ikitoweka huko imetoweka.

Mwaka ilipotambulishwa kwa wataalamu wa dunia nao una habari yake. Ulikuwa mwaka 1984, nyasi hiyo ilipoandikwa na kupewa jina na Renvoize, mtaalamu wa nyasi katika bustani ya Kew huko Uingereza. Ili kuuelewa uzito wa tarehe hiyo, sharti kurejea miaka kumi nyuma, katika habari ya mfereji wa Jonglei.

Serikali za Sudan na Misri zilikubaliana kuchimba mfereji wa kilomita 360, utoke Bor na kumalizikia karibu na mdomo wa mto Sobat, ili sehemu ya maji ya Bahr el Jebel iupite kinamasi pasipo kuingia ndani yake. Hesabu ilikuwa mita za ujazo milioni 20 kila siku. Maji ambayo yangegeuka mvuke katika Sudd yangekwenda kumwagilia mashamba ya kaskazini. Habari hiyo ilipofika Juba mwezi wa Oktoba 1974 ilikuja ikiwa imevaa uvumi: kwamba wakulima wa Kimisri zaidi ya milioni mbili wataletwa kukaa kandokando ya mfereji. Wanafunzi na wananchi wakatoka barabarani. Polisi wakapelekwa, na watu kadhaa wakapoteza maisha. Wakulima hao hawakuwako. Yaelekea kama wenye mradi wangewaeleza watu wa Juba mapema ni nini kitachimbwa na kwa faida ya nani, polisi wale wasingepewa kazi ile. Hilo ni somo la uongozi kuliko la ulinzi, lakini gharama yake ilibebwa na waliokuwa barabarani, wenye bunduki na wasio nazo.

Uchimbaji ulianza mwaka 1978. Kampuni ya Kifaransa ilileta mashine kubwa mno yenye gurudumu la ndoo, iliyokuwa imekwisha kuchimba mfereji mwingine nchini Pakistan. Ilianzia upande wa Sobat ikielekea kusini. Wakati huohuo ofisa mmoja wa jeshi la Sudan, John Garang, alikuwa chuoni katika jimbo la Iowa nchini Marekani akiandika tasnifu yake ya udaktari, aliyoimaliza mwaka 1981, juu ya maendeleo ya vijijini katika eneo la mradi wa Jonglei. Hoja yake haikuwa kwamba mfereji usichimbwe asilani, bali kwamba wenyeji wa eneo lile hawakuandaliwa maendeleo ya maana. Vita vilipozuka mwaka 1983 mfereji ulikuwa miongoni mwa shabaha za mwanzo. Kazi ilisimama kabisa kati ya Novemba 1983 na Februari 1984, mashine ikiwa imekwisha kuchimba zaidi ya kilomita 240.

Hapo ndipo tarehe zinapokutana. Mashine inazimika, na mwaka huohuo wa 1984 nyasi yenye jani la mshale inapewa jina. Mpango wa kuyapunguza maji ya Sudd ulitiwa saini, ukafadhiliwa na kuchimbwa theluthi mbili, kabla wanaoupanga hawajawa na jina la mmea mmoja usio na makao mengine duniani. Na kwa kuwa mashine ilianzia kaskazini, haikufika Bor, mfereji haukuungana na mto, na hata tone moja la Bahr el Jebel halikupita humo. Kilichobaki ni handaki kavu. Wanyama waliokuwa wakihama walitumbukia humo wasiweze kutoka, na wafugaji walipata kizuizi kipya mahali ambapo hapakuwa na mto.

Mfano wa namna hiyo haupatikani Afrika peke yake. Katika nchi ya Ireland kuna kinamasi cha bondeni kiitwacho Clara, kilichotengenezwa na ukungu wa majini uliorundikana kwa maelfu ya miaka ukawa udongo mweusi wa majani yasiyooza sawasawa. Waairishi hukata udongo kama huo, huukausha na kuuchoma kama kuni, na kwa njia hiyo vinamasi vyao vingi vimekwisha. Katika Clara mitaro ya kukausha ilichimbwa upande wa mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1980, miaka ileile ya Jonglei. Mwaka 1987 serikali ikapatangaza kuwa hifadhi, na baadaye mitaro ikazibwa. Hata hivyo ardhi imeendelea kudidimia, kwa sababu kinamasi kilichotobolewa ubavuni huendelea kuvuja muda mrefu baada ya mchimbaji kwenda zake. Clara ni kama ua wa nyumba mbele ya Sudd, na Ireland ni nchi tajiri yenye wataalamu tele. Ikiwa huko kuziba mtaro ni kazi ya miaka mingi, Sudd ikitobolewa nani ataiziba?

Msikilizaji mmoja huenda akasema kwamba nyasi adimu ni shughuli ya maprofesa, si ya koplo mwenye watoto wanaotaka kula. Hoja hiyo isidharauliwe. Ijibiwe kwa habari za nyasi zisizo adimu.

Nje ya mafunjo, ambako mto hufurika kwa msimu kisha ukajivuta, kuna uwanda ambao Wadinka huuita toic. Humo huota mpunga pori na nyasi nyingine ambazo hubaki mbichi kiangazi chote, kuanzia Desemba hadi Aprili, wakati nchi ya juu imekauka na kuwa rangi ya vumbi. Ng'ombe wa Wadinka, wa Wanuer na wa jirani zao hushuka huko, wakanywa na kushiba, kisha mvua zikianza hurudi mwinuko. Samaki nao huzaliana katika maji hayo ya msimu. Samaki wakavu wanaouzwa Konyokonyo wakitoka Terekeka na Bor ni zao la nyasi hizo kama vile maziwa yalivyo. Hata mpunga pori huo, ambao mkulima huuona gugu tu, una heshima yake katika maabara za dunia: kutoka katika mmea wa aina hiyohiyo, uliochukuliwa nchini Mali, wataalamu walipata kinga dhidi ya ugonjwa wa bakteria unaoteketeza mashamba ya mpunga huko Asia.

Sasa kila askari aliyepata kutumwa Jonglei au Lakes au Unity anajua kinachotokea malisho ya kiangazi yanapopungua. Makundi mawili ya ng'ombe yaliyokuwa na nafasi hukutana penye dimbwi moja. Vijana wana bunduki. Ng'ombe mmoja akiibwa, siku ya tatu kijiji kinawaka, na siku ya nne simu ya upepo inamwita ofisa wa kambi. Na maji yakizidi, matokeo ni yaleyale: tangu mafuriko makubwa ya mwaka 2019 na miaka iliyofuata, toic ilikaa chini ya maji pasipo kukauka, na wafugaji kutoka Jonglei wakashuka na mifugo yao hadi Equatoria, kwenye mashamba ya watu. Mapigano yaliyozuka Magwi na kwingineko mwaka 2022 hayakuanza katika baraza lolote la siasa. Yalianza kwenye majani.

Mafuriko hayo ndiyo yaliyoirudisha hoja ya zamani. Maji ya Ziwa Victoria yalipanda mwezi wa Mei 2020 hadi kimo ambacho hakikuwa kimepata kupimwa kabla ya hapo, na maji hayo yote njia yake ni Juba, kisha Sudd. Mji wa Bentiu ulizingirwa ukawa kisiwa; watu wakaishi nyuma ya kingo za udongo zilizojengwa na wananchi na wahandisi wa kijeshi wa Umoja wa Mataifa. Mtu aliyepoteza nyumba, shamba na ng'ombe wake kwa maji, akiambiwa kwamba mashine itakuja kuyaondoa majani yanayoziba mto, atashangilia, na hakuna mwenye haki ya kumlaumu. Mwaka 2022 mashine kutoka Misri zilifika katika jimbo la Unity kwa ajili ya kuuzibua mto Naam. Ndipo Profesa John Akec, Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Juba wakati huo, alipoongoza ombi la kuiokoa Sudd, likatiwa saini na watu wengi. Mwezi wa Julai mwaka huohuo Rais Salva Kiir akaamuru kazi isimame mpaka uchunguzi wa kitaalamu ufanyike.

Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Mafuriko yanayotoka Ziwa Victoria hayaletwi na majani ya Naam, na kuondoa majani mahali pamoja huweza tu kuyahamishia maji kwa jirani wa chini kwa kasi kubwa zaidi. Sudd ni sifongo: hupokea maji ya mvua za Uganda, huyashika, na kuyatoa polepole. Malakal na Renk huyapata yakiwa yamepunguzwa makali. Lakini kusimamisha si kumaliza. Watu wa Bentiu wanahitaji kingo imara na njia zinazopitika, na ikiwa hawatazipata, wataitaka mashine tena.

Jambo moja katika mjadala ule halikuelezwa vya kutosha. Si kila jani linaloelea ni mwenyeji wa Sudd. Gugu maji, lenye ua la rangi ya zambarau, asili yake ni Amerika ya Kusini. Lilionekana katika Naili Nyeupe mwishoni mwa miaka ya 1950, na ndani ya miaka michache lilikuwa limeenea kutoka Juba hadi karibu na Khartoum. Serikali ya Sudan ililipiga dawa kwa miaka mingi, na mwishoni mwa miaka ya 1970 ikaleta wadudu wadogo wa kulila. Gugu hilo huwafunika wenyeji, huwanyima mwanga, na huziba njia za mashua. Kulivua karibu na gati au kijiji ni kazi njema, na hata askari wakipewa kazi hiyo wataifanya bila kuidhuru hifadhi. Kuling'oa gugu la kigeni na kuchimbua mafunjo kwa kijiko cha chuma ni mambo mawili mbalimbali, kama vile kumkamata mwizi na kubomoa nyumba aliyojifichamo.

Misri yenyewe ina habari ya kusimulia juu ya mafunjo. Nchi iliyoandika historia yake juu ya mmea huo iliupoteza karibu kabisa katika mabonde yake, maana mabwawa yalikaushwa yakawa mashamba. Katika miaka ya 1960 Hassan Ragab, aliyetaka kufufua utengenezaji wa karatasi za kale, alilazimika kuagiza mizizi kutoka Sudan ili aipande upya mjini Cairo. Mmea wa kawaida kuliko yote uliadimika kwa kukaushwa tu. Kwa nyasi yenye jani la mshale hakuna nchi ya kuagizia mizizi.

Sasa katika haya yote askari anaingia wapi? Anaingia mahali pengi, na pengine pote ni padogo padogo.

Wanyamapori wa nchi hii hulindwa na Idara ya Wanyamapori, iliyo moja ya vikosi vya usalama pamoja na polisi, magereza na zimamoto. Wengi wa askari wake walitoka jeshini baada ya mapatano ya amani ya mwaka 2005. Wanaijua nchi, wanaijua silaha, na wengi wao walijificha katika mafunjo hayohayo wakati wa vita. Wapo walioishi kwa mizizi ya yungiyungi miezi mizima, na mtu wa namna hiyo hahitaji kuhubiriwa habari ya thamani ya kinamasi. Lakini wako wachache katika eneo kubwa kuliko nchi mbili, na mashua ni chache kuliko wao. Kwa hiyo anayepita mara nyingi zaidi ni askari wa jeshi au polisi wa barabara ya Juba na Bor, na matendo yake ndiyo sheria inayoonekana.

Moto ni mfano wa kwanza. Nyasi kavu huchomwa kila kiangazi, na mfugaji anachoma mapema ili machipukizi yaote. Huo ni ufundi wa kale wenye sababu zake. Moto wa kambi ya doria unaoachwa ukiwaka mwezi wa Machi, wakati kila kitu kimekauka, ni jambo jingine. Huingia pembezoni mwa mafunjo, huteketeza jamvi lenyewe hadi mizizini, na huweza kufuka chini kwa chini siku nyingi baada ya doria kuondoka. Mfano wa pili ni nyama. Hesabu iliyofanywa kwa ndege mwaka 2023 na kutangazwa mwaka 2024 ilionyesha swala wapatao milioni sita wakihama kati ya Badingilo, Boma na uwanda wa Jonglei, msafara mkubwa kuliko wote wa wanyama wa nchi kavu unaojulikana duniani. Hao huila toic, huisamadi na kuiweka wazi. Nyama yao hupita barabarani juu ya pikipiki na malori, na kila lori hupita kwenye kizuizi. Polisi anayepokea paja moja la swala na kufungua njia ameamua jambo kubwa kuliko alivyodhani. Kadhalika ofisa anayewaruhusu vijana wake kupiga swala kwa risasi za serikali kwa sababu posho imechelewa. Kuchelewa kwa posho ni kweli na ni kosa la wengine, lakini kuwinda bila kibali kunabaki kuwa kosa.

Tatu ni jicho. Mashine ya kuchimba haiingii Sudd kimyakimya. Hushushwa gatini, husindikizwa, huwekewa walinzi. Mafuta yakimwagika kutoka visimani huko Thar Jath, ambako uchimbaji umo ndani ya ardhi oevu yenyewe, mtu wa kwanza kuyaona majani yamegeuka rangi ya kahawia huenda akawa mlinzi wa kambi. Taarifa ya mistari mitatu yenye tarehe, mahali na alichokiona, ikipelekwa kwa mkubwa wake na nakala kwa Idara ya Wanyamapori, ina uzito kuliko malalamiko ya miezi sita baadaye. Mlinzi aliyefundishwa kuandika katika kitabu cha matukio kila gari linaloingia na kutoka hashindwi kuandika hilo.

Na mji wa Juba una sehemu yake, maana uko juu ya Sudd kwa mkondo wa maji. Chupa za plastiki na mifuko inayotupwa katika mitaro ya Atlabara, Malakia na Konyokonyo haibaki mjini. Mvua kubwa ya kwanza huifagia hadi mtoni, na mto hauna pengine pa kuipeleka isipokuwa kwenye mafunjo, ambayo huishika kama yashikavyo kila kitu kingine.

Kiangazi kinapoanza mwezi wa Desemba, maji hujivuta, njia hukauka, ng'ombe hushuka toic, na doria za kutoka Juba kwenda Bor huongezeka. Hiyo ndiyo miezi ambayo moto huwashwa, malori ya nyama hupita na ng'ombe hugombaniwa. Makamanda wanaopanga zamu za miezi hiyo wanaweza kuomba mapema kwa Idara ya Wanyamapori askari mmoja anayeijua Sudd afuatane na kila doria, na wenye mashua wanaweza kumpa nafasi.